Tanzia ya Majaribio

Mume wangu alistaafu kazi, lakini kufunga milango hakustaafu. Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa masjala, mtu wa makabati ya chuma na funguo kiunoni, na mpaka leo majirani wanamwita Masjala. Siku alipokabidhi zile funguo alirudi nyumbani amenywea kama kuku aliyenyeshewa. Mwezi wa pili akaanzisha blogu. Nikashukuru, nikadhani sasa ataandika. Kumbe mwenzangu kapata kabati jipya la kufunga.

Sisemi haandiki. Anaandika, na watu wanamsoma: maji yanakatika lini, barabara ipi inachimbwa, nani kalazwa, nani katutoka. Hasa nani katutoka. Tanzia zake husomwa hadi maofisini, maana mume wangu ana kalamu tamu kwa wafu. Kwa walio hai ana mdomo mzito. Mimi nimeishi naye miaka ishirini na sita, na sifa kubwa niliyowahi kuipata ni "chumvi imetosha." Kaka yangu, fundi saa, ambaye kwake ni shemeji, akija nyumbani huulizwa swali lile lile kuhusu saa zake: "Bado unahangaika na makopo yako?"

Na ili msiba usimkute hana maneno, tanzia anaziandika mapema. Ndiyo! Jirani akikohoa mara mbili, huyu kashafungua rasimu. Anazo za mtaa mzima, zimebaki kutiwa tarehe tu. Nilimwambia huo ni uchuro. Akanijibu, "Mke wangu, masjala haisubiri jambo litokee. Jalada hufunguliwa mapema."

Sasa hiyo blogu ni yake mwenyewe. Amekodi nafasi kwenye kampuni, na kila kitu anajiwekea mwenyewe kwa plagini. Plagini ni vijiprogramu unavyoongeza blogu ifanye kazi zaidi, kama mimi ninavyomwongezea mteja mifuko kwenye gauni. Akaweka plagini ya ulinzi: ukikosea neno la siri mara tatu, inakufungia nje. Akaona haitoshi, mlinzi mmoja anaweza kusinzia. Akaongeza ya pili, ambayo inauficha mlango wa kuingilia kwenye anwani ya siri anayoijua mwenyewe tu. Nilimuuliza, "Baba, mwizi aibe nini humo? Habari za bomba lililopasuka?" Akanitazama kwa huruma.

Wasomaji wakaanza kulalamika kwamba blogu inajikokota. Isijikokote kwa nini, na kila mgeni anapekuliwa na walinzi wawili? Badala ya kumwondoa mmoja, akaweka plagini ya tatu, ya kuharakisha. Hiyo inaupiga ukurasa picha na kuihifadhi, halafu kila mgeni anaonyeshwa ile picha, upesi, bila kusumbua jikoni.

Jumatatu asubuhi akataka kuijaribu. Mtu mwingine angeandika "jaribio, moja, mbili, tatu." Masjala hapotezi karatasi. Alichukua rasimu iliyokuwa juu kabisa, akaichapisha "kwa dakika moja tu," akaona inafunguka upesi, akafurahi, akaifuta, akaja kunywa chai. Rasimu yenyewe ilikuwa tanzia ya kaka yangu.

Kaka yangu mzima wa afya! Tena wiki hiyo ndiyo aliyokuwa akiiomba miaka tisa, tangu watu waache saa na kuanza kutazama simu. Chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mwalimu wa kufundisha utengenezaji wa saa, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na kikao cha kuchagua ni Alhamisi saa nne. Suruali ya kuvaa siku hiyo ilikuwa juu ya cherehani yangu, haijapindwa.

Saa sita mchana nikaanza kupokea pole; nikikana, wanasema ni uchungu unaniongelesha. Kufika jioni sebule imejaa wanawake, na mmoja kashavua viatu tayari kulia. Jumanne asubuhi kaka mwenyewe akatokea mlangoni na simu mkononi. Yule aliyekuwa amevua viatu, kalala kwetu usiku kucha, akatimua mbio akavisahau.

"Dada," kaka akasema, "mimi nimekufa lini?"

Nikamwita mume wangu. Akaja, akafungua kompyuta yake, akatuonyesha. "Nimeshaifuta tangu jana. Tazameni wenyewe. Ipo?"

Kweli, kwenye kompyuta yake haikuwepo. Kwenye simu yangu ipo. Kwenye ya kaka ipo. Kwenye simu ya mwenye duka, ya jirani wa juu, ya fundi bomba, kote kaka ni marehemu.

"Simu zenu mbovu," akasema Masjala. "Zimeni, muwashe."

Jamani! Siku hiyo mtaa mzima ulizima simu ukawasha. Wakiwasha, kaka bado amekufa. Mume wangu akaanza kutusuta, oh, hatujui kutumia vitu, oh, tunapenda makubwa. Alikuwa mkali maana alijiona mkweli, na mtu anayejiona mkweli huna la kumfanya.

Jumatano katibu wa kikao akapiga simu ya kaka, akasema anaomba kuongea na familia.

"Ni mimi mwenyewe naongea," kaka akamwambia.

"Pole sana. Jina la marehemu tumelitoa kwenye orodha."

"Ndugu yangu, marehemu ndiye mimi. Nipo hai!"

Katibu akafikiri. "Mzee wangu, mimi sikatai. Ila kikao kinakwenda na maandishi. Kila mjumbe ameusoma ule ukurasa. Ukurasa ukitoweka kabla ya saa nne kesho, nakurudisha. Usipotoweka, nitawaambia nini?"

Kaka alikuja akaniambia hayo amekaa kwenye ngazi. Nilimwonea huruma mpaka hasira ikanipanda. Miaka tisa mtu anangoja, halafu anauliwa na shemeji yake kwa majaribio!

Alhamisi saa moja asubuhi nilikuwa napinda ile suruali, pini ziko mdomoni, mume wangu mbele yangu anaapa kwa mara ya mia kwamba ukurasa haupo. Nikazitema pini.

"Wewe blogu yako unaingilia wapi?"

"Kwa neno langu la siri. Mimi ndiye mwenyewe."

"Basi unaingilia mlango wa jikoni. Unaona chakula kibichi. Sisi wageni tunaletewa sahani mezani. Hebu toka, uingie kwa mbele kama watu."

Akanuna, lakini akatoka kwenye akaunti, akafungua blogu yake kama mgeni. Mara ya kwanza tangu aianzishe. Akaikuta tanzia, imekaa pale na picha ya kaka. Wale walinzi wake wawili walikuwa wameiona ile plagini ya kuharakisha kama mwizi, wakaizuia isifute zile picha zake za kurasa. Mume wangu aliisoma mpaka mwisho, uso umemshuka.

"Kumbe," akasema. Hilo tu.

"Haya, rudi ndani uirekebishe."

Akakuna kichwa. Anwani ya siri ya kuingilia alikuwa ameisahau.

"Si uliiandika mahali?"

"Niliiandika," akasema polepole. "Kwenye rasimu. Ndani ya blogu."

Sikucheka. Naapa sikucheka, saa ilikuwa inakwenda. Akabahatisha anwani, akapata mlango, lakini neno la siri nalo limemtoka; akalibahatisha mara tatu, na mlinzi wake mwenyewe akamfungia nje kwa siku mbili.

Saa mbili tukapiga simu kwenye kampuni. Akapokea dada mmoja mwenye sauti nzuri, akamuuliza jina lake.

"Hilo ni siri," akasema Masjala. "Sababu za kiusalama."

Nikamnyang'anya simu. Nikajieleza. Yule dada akaufungua ukurasa, akasema, "Poleni na msiba." Nikamweleza upya. Akatuambia tuingie kwa upande wa kampuni, kwenye makabati ya mafaili, tuibadilishe jina folda ya plagini. Walinzi wakikosa kwao, wanalala. Halafu tuifute folda ya zile picha. Mume wangu akaandika jina jipya kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi: *zimestaafu*. Saa tatu na dakika ishirini nikafungua kwenye simu yangu. Ukurasa haupatikani. Nilipiga kigelegele mpaka jirani wa juu akachungulia, akidhani pengine sasa kafa mwingine.

Kaka alirudi saa saba, suruali imemkaa vizuri. Wamemchukua! Nilimkumbatia na pini zangu, akapiga kelele. Mume wangu akasimama pembeni, akakohoa, akasema, "Hongera. Basi makopo yako yamekufikisha."

Kaka hakucheka. Akakaa.

"Shemeji, mjumbe mmoja kaniuliza swali. Kasema, 'Ni kweli wewe hujawahi kumwambia mtu saa yake imekufa kabla hujakaa nayo siku tatu?' Nikamwambia ni kweli, umejuaje? Kasema kaisoma kwenye tanzia. Kasema wameisoma wote, ndiyo maana hawakutaka mwingine. Mimi sikuimaliza. Nilipoona 'marehemu' niliogopa, nikafunga. Nionyeshe, niisome yote."

Mume wangu akatazama kompyuta, akanitazama mimi. "Haipo. Rasimu niliifuta Jumatatu. Picha tumezifuta leo."

"Basi niambie."

"Nitakuandikia upya."

"Niisome lini? Nikifa?"

Mume wangu akashika kiuno, pale funguo zilipokuwa zikining'inia zamani, akakuta mkanda mtupu. Akavuta kiti, akaketi, akainamisha kichwa, akaanza kusema taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwenzie. Akasema kaka yangu ndiye mtu pekee aliyemtembelea kila siku mwezi ule aliostaafu. Akasema alijua siku zile kaka hakuwa na shughuli yoyote ya kumleta kwetu, alikuja kwa ajili yake tu. Akasema mengine, na kaka akawa anazichezea pindo za suruali niliyompindia.

Alipomaliza, nilizima cherehani, nikavuta kiti changu, nikakiweka mbele yake.

"Haya," nikamwambia. "Na yangu."