Dawa Tuliyopakana Mgongoni

Mama zangu na dada zangu, nimeomba nafasi hii niwaeleze jinsi Mungu alivyonitoa katika ugonjwa ambao watu wanaona haya hata kuutaja. Ugonjwa wenyewe ni upele.

Wengi mnanijua, mimi ni Mama Beni, msusi wa mtaa wa Kikula, karibu na soko. Vichwa vyenu vingi vimepita mikononi mwangu. Mume wangu, Baba Beni, ni mchimbaji. Wiki nzima analala machimboni na wenzake chini ya turubai, wamebanana, kisha anarudi nyumbani kwa siku chache. Tuna watoto watatu. Tulikuwa tunapatana, na siku za kurudi kwake nyumba ilijaa kicheko.

Mvua zilipoanza, nilihisi mwasho kati ya vidole. Nilidhani ni mafuta ninayowapaka wateja. Mwasho ukapanda kwenye vifundo vya mikono, ukaingia kwapani, chini ya matiti, kiunoni pale sketi inapobana, mpaka sehemu za siri. Nasema wazi kwa kuwa hapa tuko wanawake peke yetu. Mchana nilivumilia. Lakini nikishalala, mwili ukipata joto tu, nilihisi kama kuna kitu kinatembea ndani ya ngozi. Nilijikuna kwa kucha, kwa kitana, hata kwa gunzi la mahindi. Ngozi ikachubuka, ikatoa maji, kisha usaha.

Nikanunua tyubu ya krimu sokoni. Muuzaji alisema inaponya kila kitu cha ngozi. Mwanzoni nilipata nafuu, nikafurahi. Kisha mwasho ukarudi na nguvu mpya, ukaenea tumboni. Neema, mtoto wangu mdogo, naye akaanza kujikuna.

Wateja waliiona mikono yangu. Hakuna aliyenitukana. Mmoja alisema kichwa kinamuuma, mwingine akasema atapita kesho, na kiti changu kikabaki kitupu. Jirani alininong'oneza kwamba kuna mtu ameniroga kwa wivu. Hayo yote niliyabeba. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Baba Beni alirudi, akaniangalia, akahamishia godoro lake sebuleni. Mimi moyoni niliwaza kwamba ameniletea ugonjwa wa wanawake wa kule machimboni. Tukawa tunasalimiana kama wapangaji wawili.

Nilimwendea mama pasta aniombee. Alinishika mikono hii, na usaha wake, hakuogopa. Alipomaliza kuomba akaniambia, "Sasa twende ku hopitali, minye na weye." Akanisindikiza mwenyewe mpaka kwa dokta. Mama pasta, jambo hilo sitalisahau.

Dokta alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alivuta mkono wangu kwenye mwanga, akanionyesha vijistari vyembamba kati ya vidole. Akasema hizo ni njia za mdudu mdogo sana anayechimba ngozi na kutaga mayai humo. Nilimuuliza kama nimerogwa, au kama mume wangu ametoka nje.

"Hapana, mama," akasema. "Hii iko bupele. Mu Kifaransa banaita gale. Inapita ku ngozi, bantu bakilala pamoja. Usitafute nani alianza."

Alipoiona ile tyubu alitikisa kichwa. Alieleza kwamba inanyamazisha mwasho, huku mdudu anaendelea kuzaa. Akaniandikia losheni ya kupaka, vidonge vya usaha, na dawa tofauti kwa Neema kwa sababu ya umri wake. Tuoge, tujikaushe, tupake kuanzia shingoni mpaka nyayo, kati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, tusiache pahali. Tukinawa mikono, tuipake tena. Tukae nayo muda aliouandika, ndipo tuoge, na baada ya wiki turudie. Mwisho akasema, "Bote ba mu nyumba, siku moja. Hata ule hajikune." Yaani hata asiyewashwa.

Hapo ndipo nilipoogopa, maana ilibidi nimwambie mume wangu. Baba Beni aliposikia alikataa. "Minye siko mugonjwa," akasema. "Juu ya nini nipakale dawa?"

Nikamweleza kwamba mtu anaweza kukaa na mdudu huyo wiki kadhaa kabla ya kuwashwa, na kwamba anakolala wanabanana. Kisha nikamuuliza moja kwa moja, "Ulifikiri nilitoka inje?"

"Ndiyo," akajibu. "Na weye?"

"Minye pia, nilikufikiria vile."

Akavua shati. Kiunoni, chini ya mkanda, alikuwa na vipele vyekundu vilivyokunwa mpaka damu. Alikuwa anajikuna kwa siri, anaona haya kuliko mimi.

Tukawapaka watoto. Kisha sisi wawili tukapakana mgongoni, pale mkono wa mtu mwenyewe haufiki. Dawa iliniunguza kama pilipili kwenye michubuko, machozi yakanitoka, na bado sikutaka amalize. Alikuwa hajanigusa tangu ahamie sebuleni.

Kesho yake tulichemsha mashuka na nguo, tukazianika juani. Blanketi lisilochemshika tulilifunga ndani ya plastiki siku kadhaa.

Msidhani mwasho ulikwisha papo hapo. Uliendelea, nikataka kujipaka kila siku. Nilirudi kwa dokta. Akanikagua, akasema wadudu wamekufa ila ngozi bado ina hasira, na nikizidisha dawa nitajiunguza bure. Nikasubiri. Mwasho ukafifia polepole, mpaka asubuhi moja niliamka nikagundua nimelala usiku mzima.

Namshukuru Mungu, namshukuru dokta na mama pasta. Namshukuru Baba Beni, aliyewaeleza wenzake machimboni bila kuficha. Ngozi ikiwasha, msikimbilie tyubu ya sokoni, na msitibu mtu mmoja mkawaacha wengine. Wala msivunje nyumba kwa kitu kinachopona kwa losheni.

Kama kuna mmoja kati yenu anayeficha mikono ndani ya kitenge, sitamuuliza kitu mbele za watu. Tukimaliza nitasimama pale mlangoni. Nipe mkono tu, nami nitajua. Kesho asubuhi nitakusindikiza kwa dokta.