Kiapo cha Mtoto wa Clementi

Clementi alikufa bila mtoto, na miaka mingi baadaye akampata Jofrey. Kule kijijini Buswahili hakuna aliyeshangaa. Mjane wake, Marcelina, alitoa ng'ombe akamuoa binti aitwaye Wegesa kwa mila ya nyumba ntobhu, mwanamke kumuoa mwanamke amzalie, ili mji wa marehemu usifungwe na shamba lake lisiende kwa ndugu zake. Mwanamume aliyempa Wegesa mimba hakuulizwa jina lake. Mtoto alizaliwa wa Clementi, akabatizwa wa Clementi, na kitambulisho cha taifa kikaandikwa hivyo hivyo.

Jofrey alipoomba kazi ya ulinzi kwenye ghala la samaki mjini Musoma, alama za vidole zilikubali. Lakini kampuni ilikuwa na kawaida ya kulifuata jina mpaka kijijini, kuuliza mwombaji ni mtu wa namna gani na ametoka kwa nani. Akatumwa Evance, mpelelezi wa kampuni, na pikipiki. Akamkuta Wegesa anachambua dagaa.

"Mama, baba yake Jofrey yuko wapi?"

Wegesa akamwonyesha Marcelina, aliyekuwa anafagia uwanja. "Yule pale."

"Yule si bibi?"

"Ndiye huyo huyo. Ndiye aliyenioa."

"Mama, sijaja kutaniwa. Clementi je?"

"Yuko nyuma ya nyumba, kaburini. Alikufaga hata sijaletwa hapa."

Hakuficha neno, na huo ukweli wake ndio ulioharibu kila kitu.

"Marehemu hazai, kijana," afisa wa ajira alimwambia Jofrey. "Kama jina la baba si la kweli, nitajuaje kwamba huna kesi kwa jina lingine? Kaape kwa wakili, umtaje aliyekuzaa. Tutakuchunguza upya."

Marcelina hakukasirika. "Kaape tu, mwanangu. Wape wanachotaka, upate kazi." Wegesa akataja jina la mvuvi mmoja wa Suguti, uso kaugeuzia ukutani. Jofrey akaapa kwamba yeye si mtoto wa Clementi.

Evance akarudi kijijini kukihakiki kiapo. Akakisoma kwa sauti mbele ya majirani, na Bernado, mdogo wake Clementi, akiwepo. Bernado alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Asante sana, bwana. Tangu zamani tunatafuta mtu wa kutusemea hilo."

Kazi ilipatikana. Siku ya kwanza ya mapumziko Jofrey akaenda nyumbani akiwa na sare yake mpya, akakuta ng'ombe wa Bernado wanalima shamba la Marcelina, wamekaribia mlango wa nyumba.

"Baba mdogo, simamisha hao ng'ombe!"

"Baba mdogo wa nani?" Bernado alijibu bila kugeuka. "Karibu, mgeni. Wapishe ng'ombe."

Jofrey akakosa jina la kumwita. Mbele ya jembe Marcelina alikuwa ameinama, aking'oa mihogo michanga kwa haraka kabla haijafikiwa.