Gugu Lililorudi Bwawani

Mtaani walimwita Bi Mchakamchaka, na jina halikumwonea. Alikuwa fundi cherehani asiyejua kukaa: pindo moja, ameinuka; vifungo viwili, yuko mlangoni anachungulia bwawa. Tangu gugu maji livamie lile bwawa, hata usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Yeye ndiye aliyewakusanya majirani. Kila Jumamosi waliingia majini hadi kiunoni, wakang'oa, wakaanika ukingoni, likikauka wakachoma. Wiki ya nne maji yalionekana tena. Ya tano, vigugu vipya vikaelea pale mtaro unapomwagia. Wakang'oa. Vikarudi.

"Mimi basi," alisema muuza nyama, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. "Tunatwanga maji kwenye kinu. Jumamosi ijayo tukilikuta gugu tena, kila mtu na hamsini zake."

"Hapa kuna mkono wa mtu," Bi Mchakamchaka akamjibu mbele ya wote. "Nitamtafuta, na nikimpata atasimama hapa aseme mwenyewe."

Maneno makubwa hayo, na moyoni alishakuwa na mtu wake: msusi wa mtaa wa juu, ambaye hakuwahi kuja kung'oa hata jani.

Ijumaa hakushona. Aliufuata mtaro kuanzia bwawani, akiinua mbao zilizoufunika, mojamoja. Nyuma ya bucha, kigugu. Mbele kidogo, viwili. Karibu na kwa msusi akachutama kwa furaha, ile furaha mbaya ya mtu anayejiandaa kusema si niliwaambia. Wapi! Mfereji wa msusi ulikuwa mkavu na msafi. Gugu lilipinda kona, naye akapinda nalo, mpaka akajikuta nyuma ya jiko lake mwenyewe.

Akainua macho. Ndani, dirishani, mumewe, dereva mstaafu aliyepooza miguu, alikuwa na beseni lake la maua ya zambarau. Lilikuwa gugu hilohilo. Mkewe ndiye aliyemletea shina moja siku ya kwanza ya kung'oa, kwa kuwa mzee alichoka kutazama ukuta. Kila asubuhi Bi Mchakamchaka mwenyewe alimwaga maji ya zamani mtaroni, na vichipukizi vilivyojaa beseni vikaenda nayo. Aliona anafanya usafi.

Aibu ilimwasha hadi masikioni. Angeweza kulichoma kimyakimya, gugu lisirudi, na lawama amtupie msusi. Alilifikiria hilo, tena kwa muda mrefu, akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumamosi, watu walipoanza kukusanyika bwawani, aliliinua beseni.

"Mama watoto, maua yangu unayapeleka wapi?"

"Kwenye kikao."

"Na mimi nitatazama nini?"

Akajitwika. "Utanitazama mimi nikirudi, baba, kama watakuwa wameniachia uso wa kutazamwa."