Tulimwita Daktari Kabla Hajaondoka

Iko siku moja haijanitoka, mwanangu, na ulivyoniambia umepata nafasi ya kusomea udaktari katika nchi ya kisiwani, imenirudia yote.

Ilikuwa kijijini kwetu Maguu, kwenye sengu yetu. Wewe umekulia mjini, hukuiwahi. Wanaume wa ukoo, wakubwa kwa wadogo, tulikula pamoja uwanjani, na jambo likishakubaliwa pale hakuna aliyelirudisha nyuma. Jioni hiyo baba alitangaza kwamba kaka yangu Anzelmi anakwenda ng'ambo, kwenye kijinchi kidogo baharini ambacho hata jina lake lilitushinda kutamka. Shamba la kahawa la bondeni lilikuwa limeshauzwa.

"Chuo hicho kinatambuliwa huku kwetu?" aliuliza baba mkubwa Oswini. "Na wagonjwa wa kujifunzia wanatosha, nchi ndogo hivyo?"

"Kaka, unataka watu waugue zaidi?" baba akamjibu. Tukacheka. Kuuliza si ujinga, lakini siku ya furaha muulizaji huonekana mchawi. Kabla ugali haujaisha, sengu ilishampa Anzelmi jina: Daktari.

Alirudi baada ya miaka, amekonda. Wazee wakawa wanamwamkia wao kwanza. Alisema anasubiri kupangiwa kazi, nasi tukaamini.

Masika yale baba akaugua kifua. Vijana walileta machela wampeleke hospitali, akageukia ukuta. "Nipelekwe kwa watoto wa wenzangu, na wangu yumo humu ndani?"

Anzelmi akapiga magoti. "Baba, mimi si daktari. Shahada yangu haitambuliwi hapa. Kule tulijifunzia kwenye masanamu, mgonjwa tulimwona kwa mbali. Nakuomba twende."

Baba akatabasamu, mwanangu. Tabasamu lile ndilo linaloniamsha. "Kila daktari huogopa kumtibu mzazi wake," akasema. "Sengu haikosei."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tulimbeba alipokuwa hana tena nguvu ya kukataa, na hakufika.

Msibani watu walinong'ona kwamba mtoto kamwacha baba afe. Baba mkubwa akasimama. "Nyamazeni. Nguo mmemshonea bila kumpima, leo mnamcheka inapwaya?"

Lakini Anzelmi hakungoja arobaini. Aliteremka ziwani, na mpaka leo anaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, kule Mbamba Bay. Nikimtembelea huuliza habari za mvua, basi. Na sengu ikafa. Nani angekaa kula pale?

Sina dawa ya hayo, na sikuzuii kwenda. Ila ulizia chuo hicho kwa wanaosajili madaktari wetu, si kwa anayekutafutia nafasi. Wanafunzi wake wanamshika mgonjwa wapi? Waliomaliza wako wapi leo? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na ukifika ukaona mambo sivyo, sema siku hiyohiyo, ungali mtoto wa mtu na si Daktari wa ukoo. Mimi nitakupokea, sijui kama wengine watakupokea, ila mimi nitakupokea.

Nenda, mwanangu. Mungu akuongoze kwenye ukweli mapema, ungali na nguvu za kuubeba, na akujalie watu watakaokuamini utakapousema.