Maana ya Tano

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka la soda sebuleni, ruksa kuvaa suruali iliyovaliwa na Mzungu mwenyewe mpaka ikapauka magotini. Na shirika letu la umma pale Dodoma, ambalo kwa miaka mingi lilinunua karanga na ufuta wa wakulima kwa Kiswahili, likaamka asubuhi moja linazungumza Kiingereza.

Sababu ilikuwa mshauri. Aliletwa kutoka ng'ambo kuja kutushauri namna ya kujitegemea, akapewa ofisi yenye feni, na barua zote zikaanza kutoka kwa lugha yake. Kumfundisha mtu mmoja Kiswahili kulionekana kazi kubwa kuliko kutufundisha sisi wote Kiingereza.

Hapo ndipo nilipopanda cheo bila barua. Nilikuwa karani wa masjala, kidato cha sita, mwenye chumba cha kupanga Ipagala na kitabu kimoja cha Kiingereza nilichokinunua soko la Majengo kwa muuza karanga. Ndiyo, kwa muuza karanga. Alikuwa akikichana kufungia bidhaa zake, nikamwahi kikiwa kimebaki zaidi ya nusu. Kilihusu vile vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia: unachukua neno dogo lililotulia, kama "put", unalibandika "off" nyuma yake, na maana inahama nyumba. Unazima taa, au unaahirisha mkutano, au unamkatisha mtu tamaa, na ukipenda unafanya vyote vitatu kabla ya chakula cha mchana. Wenye lugha yao wanaona kawaida.

Wakati wa chai nikawa nawafundisha wenzangu. Hakuna aliyeniomba, lakini hakuna aliyenizuia, na kwa mtu mwenye kitabu hiyo inatosha. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa "let go". Niliandika maana zake nne kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo. Ya kwanza, kuachia, kama mtu anavyoachia kamba ya ndoo kisimani. Ya pili, kumwachilia aliyefungwa. Hapo unaweza pia kusema "set free" au "release", nikawapa na visawe ili wajue wana mwalimu. Ya tatu, kuachana na jambo, yaani yaishe. Ya nne, kumruhusu mtu aende zake. Chini kabisa palikuwa na namba tano, kisha ukurasa ukaishia hapo. Maana ya tano ilikuwa imeondoka na karanga za mtu. Sikuona haja ya kuwasumbua wanafunzi na habari hiyo.

Mwanafunzi wangu mtiifu kuliko wote alikuwa mtunza ghala, Mgogo wa Hombolo, umri wa baba yangu. Alikuwa amekaa ghalani miaka ishirini na mbili, na alikuwa anaweza kukwambia gunia limetoka kijiji gani kwa kulinusa tu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye baada ya marahaba aliongeza salamu ya kwao: "Mbukwa, mwalimu." Cheo hicho sikukikataa hata siku moja.

Mzee huyu aliomba likizo ya wiki tatu akavune zabibu zake. Aliandika kwa Kiswahili, barua ikapelekwa kwa mshauri, na sote tukajua imekwenda kupumzika. Basi siku barua ya Kiingereza yenye jina lake ilipofika, aliileta kwangu kwa mikono miwili, akasimama mbele ya meza.

Nikaisoma kimya kwanza, nikikunja uso kama daktari, kisha nikamtafsiria. Baada ya kuiangalia kwa makini nafasi yako, tumeamua kukuruhusu uende kuanzia tarehe mosi. Tunakushukuru kwa utumishi wako wa muda mrefu. Mstari wa mwisho ulimtakia heri katika "future endeavours". Neno lile la pili sikulijua, lakini lilianza na "endea", nikaona linajieleza lenyewe. Nikamalizia kwa sauti ya kutosha hata wa chumba cha pili kusikia: tunakutakia heri huko uendako.

Mzee aliipokea barua yake. Akasema tangu aajiriwe hajapewa likizo kwa heshima namna ile. Wakubwa wetu walizoea kuandika "Sawa" pembeni ya karatasi, au wasiandike kitu. Akauliza mbona hawakutaja siku ya kurudi. Nikamweleza kwamba Waingereza hawana tabia ya kusema yaliyo wazi: umeomba wiki tatu, umepewa wiki tatu. Akaikunja barua, akaitia mfuko wa shati, na siku ilipofika akakabidhi funguo za ghala kwa afisa utumishi huku akicheka. Afisa utumishi alizipokea akimtazama kwa huruma. Mimi niliona ni wivu wa likizo.

Wiki iliyofuata barua kama ile zilikuja kwa mkupuo. Afisa utumishi aliwakusanya wenye barua uani. Hakutafsiri neno kwa neno, maana yeye hakuwa mwalimu. Alisema tu kwamba yale maneno ya "let you go" maana yake hamna kazi. Hiyo ndiyo ilikuwa ya tano. Visawe vyake nilivipata siku hiyohiyo, bure, kutoka kwa watu waliokuwa wakilia: kupunguzwa, kufagiliwa, kupigwa chini, kupigwa ritrenchi. Kiswahili kilikuwa na visawe vingi kuliko kitabu changu, na hakuna hata kimoja kilichomtakia mtu heri.

Saa sita likabandikwa tangazo: mwenye malalamiko alete mwenyewe, kwa maandishi, kabla ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Jioni afisa utumishi alinikuta masjala nikijifanya natafuta jalada.

"Yule mzee wa ghala ndiye wa kwanza ningemrudisha," akasema. "Mshauri hajui kwamba ghala zima liko kichwani mwake. Aje tu na karatasi. Lakini mbona aliondoka anacheka? Sikumwelewa kabisa."

Nikamwambia hata mimi sikumwelewa.

Hombolo si ng'ambo. Unapanda gari asubuhi, na mchana unaweza kuwa umerudi mezani kwako. Jumanne niliamka na mafua. Jumatano niligundua kuna majalada ya kupanga, yaliyokuwa yamesubiri tangu kabla sijaajiriwa, nikaona kwa kweli hayawezi kusubiri siku moja zaidi. Alhamisi nilifika mpaka stendi. Gari la Hombolo lilikuwa linapakia, nikasimama pembeni kuangalia jinsi linavyopakia, mpaka likaondoka. Nikajiambia huenda habari zimeshamfikia, kwani watu husema. Nikajiambia na mengine.

Ukweli ni kwamba kwenda kule kulikuwa ni kumwambia mzee yule, katikati ya shamba lake, mbele ya mkewe na wavunaji, kwamba mwalimu hajui Kiingereza. Niliona aibu. Nimeitafutia aibu hiyo jina zuri zaidi kwa miaka mingi, na sijalipata.

Ijumaa ikapita. Watu watatu walirudishwa, mmoja wao kijana aliyekuwa kazini miezi minane. Huyo ndiye aliyepewa ghala.

Mzee alirudi siku ileile aliyosema atarudi, saa moja na nusu asubuhi, amechomwa na jua. Alibeba tenga la zabibu, nusu yangu na nusu ya mshauri, kumshukuru kwa likizo. Alikuwa ameshapita ghalani akakuta kufuli jipya na kijana aliyeshindwa kumtazama usoni. Akaitoa barua mfukoni, imelowa jasho mpaka mikunjo imeanza kukatika, akaniomba niisome tena, taratibu.

Nikaisoma. Safari hii nilimpa maana yenyewe, na nikamweleza habari ya tangazo na ya Ijumaa. Haikuchukua muda.

Akakaa kwenye benchi la wageni, benchi ambalo katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akilikalia. Hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja tu.

"Na wewe mwalimu, umejua lini?"

"Leo, mzee," nikasema. "Nimejua sasa hivi, nilipoisoma tena."

Akanitazama, kisha akasimama, akaniwekea mkono begani. Mkono wenyewe ulikuwa bado unanata utamu wa zabibu.

"Basi usijisumbue, mwanangu. Lugha si yetu. Ungejua, si ungenifuata?"

Nikamwambia ndiyo, mzee, ningekufuata.