Kioo Kipya cha Lori la Baba

Baba alianza kukilalamikia kioo cha mbele cha lori lake msimu wa tangawizi, wakati alipokuwa akishuka Same kutoka Mbaga mlimani karibu kila wiki. Lori lilikuwa la zamani, alilinunua likiwa limekwisha kutumikia watu wengine, na waipa zilikuwa zimekichubua kioo mpaka kikabaki na alama mbili za upinde. Chini kulikuwa na ufa uliotokana na kokoto ya barabara kuu. Kwa miaka mingi ufa ule haukumsumbua. Sasa akawa hana mazungumzo mengine.

“Mama, sioni,” aliniambia siku moja, akiwa amesimama mlangoni pa duka langu karibu na stendi. Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. “Jua likipiga kile kioo, mbele kote kunakuwa kama maziwa.”

Nikamwambia tutakibadilisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuza mzigo wake mjini, na lori likilala, sote tumelala.

Msimu huohuo mama naye alianza kusafiri naye. Maisha yake yote hakulipenda lori. Alikuwa akisema linanuka dizeli, na kwamba kona za Mbaga zinamtapisha. Lakini sasa kila safari alikuwa pale kiti cha kushoto, amejitanda kitenge, mkoba magotini. Nilifurahi. Niliwatania mbele ya wateja kwamba wanakula fungate waliyoikosa ujanani. Baba alicheka. Mama alitazama pembeni, nami nikadhani ni haya.

Kioo cha aina ile hakipatikani Same. Nilikipata Moshi, kwa wauzaji wa vipuri vya magari yaliyokatwa, kikaja kimelazwa juu ya godoro kama mgonjwa. Fundi wetu, mwanamume wa makamo mwenye gereji nyuma ya barabara ya soko, alitutaka tufike asubuhi, kabla upepo wa Same haujaamka. Mchanga ukiingia chini ya mpira, alisema, maji yatafuata njia hiyohiyo.

Nilidhani kioo kimegandishwa kwa gundi. Kumbe kwenye magari ya zamani kinashikwa na mpira tu, mpira mnene wenye mifereji miwili: mmoja umebana kioo, mwingine umebana bati la fremu. Fundi alizifungua waipa, akaukata mpira mkavu kwa kisu kutokea ndani, kisha akalala chali kwenye kiti na kukisukuma kioo kwa nyayo, taratibu, huku mimi na baba tukikipokea nje. Kilitoka na sauti ya kitu kinachokohoa. Tulikiegemeza ukutani, na baba akakitazama kwa chuki kabisa.

“Wewe ndiye uliyetaka kuniua,” alikiambia.

Chini ya mpira wa zamani bati lilikuwa limeliwa na kutu. Fundi alikwangua, akapiga msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, tukasubiri ikauke. Mama alikaa kwenye benchi kivulini, akamenya machungwa, akatugawia. Hakusema mengi asubuhi ile. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema hapana, joto tu la huku chini.

Kazi ya kurudisha ndiyo iliyonishangaza. Fundi aliuvika mpira mpya kwenye kioo, kisha katika ule mfereji wa nje akazungusha kamba nyembamba ya nailoni, pande zote, ncha zake mbili zikakutana chini katikati. Akapaka maji ya sabuni. Kioo kikawekwa mahali pake, ncha za kamba zikiwa zimeingizwa ndani, nami nikaambiwa nipande nizivute.

“Usivute kwa nguvu, dada,” fundi alisema kutokea nje. “Kamba yenyewe itaunyanyua mdomo wa mpira uvuke bati. Ukifika kwenye kona, nisubiri. Kioo huvunjikia konani.”

Yeye na baba walikibonyeza kwa viganja kutoka nje, nami nikavuta. Mpira ulipanda juu ya bati kidogokidogo, ukilia kwa sabuni. Tulipofika upande wa baba, uso wake ulikuwa mbele ya uso wangu kabisa, kioo tu katikati yetu. Nilimtabasamia. Hakunijibu. Nikamtolea ulimi, kama nilivyokuwa nikifanya nilipokuwa mtoto, naye akaendelea kutazama palepale, kama mtu anayetazama ukuta. Nikajiambia kazi imemshika.

Kona ya mwisho ilipoingia, fundi alipiga makofi mawili kwenye mpira, akafuta sabuni, akamwambia baba, “Mzee, panda uone dunia.”

Baba alipanda kwenye usukani. Mimi nilikuwa bado kiti cha pili. Aliegemea mbele, akarudi nyuma.

“Nani amekishika hiki kioo? Kina mafuta.”

Fundi akafuta tena, nje na ndani, kwa gazeti na maji safi.

“Bado,” baba alisema. “Futa tena.”

Nilitazama mbele. Kioo kilikuwa safi hata mtu angedhani hakipo. Mlima wote ulikuwa wazi, mpaka mapaa ya mabati kule juu yaking’aa juani. Nilimwonyesha fundi kwa mkono asifute.

“Baba, yale mabati kule mlimani unayaona?”

“Mlima nauona.”

“Mabati, baba.”

Mikono yake haikutoka kwenye usukani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Mama yako anayaona.”

Niligeuka. Mama alikuwa amesimama karibu na mlango, maganda ya machungwa mkononi.

“Nilikuwa namwambia tu,” alisema. “Bonde liko huku. Pikipiki inakuja. Punguza. Barabara yenyewe anaijua.”

Nilikumbuka akina mama waliokuwa wakipanda juu ya magunia na mikungu yao ya ndizi, na yale mabonde ya Mbaga yasiyo na kingo. Nikakasirika. “Mama, mngeua watu!”

“Najua,” alijibu. “Kila tukifika kijiji cha Mwembe nilikuwa nasali. Lakini ningemnyang’anya lori vipi mimi?”

“Nilijua ni kioo,” baba alisema. Nami naamini alikuwa anasema kweli. Kioo mtu anaweza kwenda Moshi akakinunua. Jambo jingine lile alikuwa hajui linanunuliwa wapi, kwa hiyo hakukubali kwamba lipo.

Fundi alikusanya vyombo vyake, kisha akasema ana safari ya upande wa juu, angetupeleka akiliendesha lori mwenyewe. Sote tulijua hakuwa na safari.

Hospitalini Moshi waligundua mtoto wa jicho katika jicho la kulia, na presha ya macho katika la kushoto. La kulia lilifanyiwa upasuaji. La kushoto walisema tumechelewa. Siku ya kufungua bandeji baba alinitazama muda mrefu, mpaka nikaona aibu.

“Mama,” alisema, “una mvi. Zimeanza lini?”

Siku hizi lori linaendeshwa na kijana wa jirani, na mama amerudia kulichukia. Baba angeweza kulidai, jicho moja linaona vizuri. Hakulidai. Alimpa kijana funguo mwenyewe, Jumapili baada ya ibada, akamwonyesha gia ya pili inapogoma na mahali pa kupumzisha breki. Asubuhi za safari hutoka na ndoo, akakiosha kioo kabla lori halijaondoka. Akimaliza husogea nyuma, hufunga jicho moja, kisha jingine, hukitazama tena, halafu hupiga boneti kwa kiganja kumwambia kijana aende.