Beseni Lililopanda Paani

Miji yote niliyozurura haikuniaibisha kama nyumbani kwetu Tumati.

Nilinunua modemu ya mtumba mnadani Dongobesh, ili mama azungumze kwa video na mjukuu wake Neema aliyeko Dodoma. Ndani ya nyumba haikushika mtandao. Nikachukua beseni la alumini stoo, nikaifunga modemu katikati yake na kulisimamisha paani, mdomo ukielekea mnara wa simu na kitako kikielekea uani. Mtandao ukaja mbio!

Siku ya kupiga simu nikamkuta jirani yetu, Mama Paulina, uani, karibu alie.

"Beseni lako nililirudisha, dada. Tena nililiosha."

"Sasa limeota miguu?" mama akamjibu, bila hata kumkaribisha kiti.

Mimi na majivuno yangu sikusikiliza. Nikapiga.

"Shikamoo bibi!" Neema akaita.

"Marahaba, mama yangu!" Mama alicheka huku akifuta machozi.

Nikaona nami nisifiwe. Nikageuza simu kuelekea paani. "Neema, mwone mjomba wako fundi! Mtambo huu nimeubuni mwenyewe."

Huku kwetu kila mama huandika jina lake kwa rangi chini ya vyombo, visipotee kwenye sherehe. Na Neema yuko darasa la kwanza, anasoma kila anachokiona.

"Ma-ma Da-ni-e-li," akasoma kwa sauti kubwa.

Wale wanawake wawili wakainua macho paani, kisha wakayashusha kwangu. Danieli ni mimi.